Reli Haina Upande: Barua ya Wazi kwa Baraza la Madiwani la Manispaa ya Kigoma Ujiji

Waheshimiwa Madiwani,

Naandika kama mkamuaji wa mawese na mkazi wa kata ya Gungu. Mengi nitakayoyasema wenzangu wameshayasema kwenye vibaraza na foleni za mashine, ila sidhani kama yamewahi kufika mezani kwenu yakiwa kwenye karatasi.

Reli ya kisasa inakuja. Mkataba wa kipande cha Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022. Januari 2025 ukafuata wa kutoka Uvinza kwenda Musongati, Burundi. Kila mkutano wa hadhara tunaambiwa mji utafunguka, na mimi nautaka mji ufunguke. Lakini liko jambo ambalo mikutanoni halitajwi. Treni itakayopeleka madumu yetu ya mawese Dar es Salaam ndiyo hiyo hiyo itakayorudi na mafuta ya kula yaliyosafishwa huko, ambayo ghafi yake imetoka Malaysia au Indonesia. Nauli ikishuka, inashuka kwenda na kurudi. Kwa sasa kinachomlinda mkamuaji wa Gungu ni umbali: mafuta ya kiwandani yakisafiri zaidi ya kilomita 1,200 kutoka pwani mpaka ziwani, bei yake inapanda njiani. Umbali huo ndio tunaoshangilia kuufuta. Ukifutika kabla hatujajipanga, dukani kwa Mangi wa hapa mtaani mafuta ya nje yatakuwa rahisi kuliko yanayokamuliwa nyuma ya duka lake.

Ombi langu kwenu ni moja. Kabla treni ya kwanza haijaingia stesheni, manispaa itenge eneo na kujenga Gungu kituo cha pamoja cha kukamulia na kuhifadhi mawese: mzani, chombo cha kupikia matunda kwa mvuke, matangi ya kuchujia na kuhifadhi, mashine ya kupasulia mise (kokwa za mchikichi), na chumba kidogo cha kupimia ubora. Siombi kiwanda kikubwa cha mwekezaji. Naomba mahali ambapo wakamuaji wadogo tuliopo tutafanya kazi ile ile kwa hasara ndogo zaidi. Naomba mnivumilie nieleze hasara hiyo inatokea wapi, maana kwa mtu anayeyaona mawese yakiwa tayari ndani ya dumu, haionekani.

Mikungu inakatwa shambani leo. Inalundikwa chini ya mti siku mbili, tatu, wakati mwingine zaidi, ili matunda yalegee na kupukutika kirahisi, na pia kwa kusubiri usafiri. Ikifika kwa mkamuaji inakuta foleni. Pipa ni moja, kuni hazitoshi, na mashine nyingi ni zile za kusukuma kwa mikono: watu wawili au watatu wanazunguka wakisukuma mti ulioshikamana na mhimili, na ndani ya pipa matunda yaliyochemshwa yanapondeka. Kazi hiyo inavunja mgongo, na siwezi kuwalaumu vijana wanaoikimbia. Lakini mgongo wa kijana si hasara pekee. Tunda la mchikichi likishachubuka au kukaa, kimeng'enya kilichomo ndani yake huanza kuyavunja mafuta na kuyageuza asidi. Kinachokizuia ni joto. Ndiyo maana viwanda vya Malaysia huingiza mikungu kwenye mvuke haraka, mara nyingi ndani ya siku moja baada ya kukatwa. Katika biashara ya kimataifa ya mawese ghafi, kikomo cha asidi kinachotumika sana ni asilimia 5. Sisi hatuna hata kifaa cha kutuambia tumefika ngapi. Tunanusa na kuonja, na tukiona yanakwaruza koo tunajua yameharibika. Mnunuzi wa sabuni naye analijua hilo, na bei anaipanga yeye.

Kwa hiyo tunapozungumzia tija, naomba tusianze na ukubwa wa mashine. Tuanze na saa. Zihesabiwe saa kutoka panga linapokata mkungu mpaka tunda linapoingia kwenye moto. Mkamuaji anayepunguza siku tatu kuwa moja anapata mafuta bora kutoka mti ule ule, bila kununua chochote. Tangu mwaka 2013 Wizara inayoshughulika na viwanda, kwa msaada wa shirika la Japani la JICA, imekuwa ikifundisha viwanda vyetu njia ya kaizen, yaani kuondoa upotevu mdogo mdogo wa kila siku kabla ya kukimbilia mtaji mkubwa. Naomba walimu wa njia hiyo waje Gungu na wakae na sisi msimu mmoja wa mavuno. Sidhani kama watapata mahali pengine ambapo saa iliyookolewa inaonekana wazi hivi ndani ya dumu.

Upotevu wa pili ni vipimo. Mkulima anauza mikungu kwa kukadiria kwa macho, sisi tunauza mawese kwa dumu. Dumu la lita 20 likijazwa mpaka shingoni si sawa na lililojazwa mpaka kwenye mpini, na likibonyezwa ubavu linabeba kidogo kuliko yote. Mkamuaji wa Gungu hawezi kukwambia kilo 100 za mikungu zimempa kilo ngapi za mafuta. Malaysia wanajua: kwa wastani ni karibu kilo 20. Wanajua kwa sababu kila lori linapimwa likiingia na kila tangi linapimwa likitoka. Mali bila daftari huisha bila habari, wazee walisema, na kwetu inaisha hivyo kila msimu. Mzani mmoja wa umma, uliohakikiwa na Wakala wa Vipimo, ungebadilisha mazungumzo kati ya mkulima na mkamuaji ndani ya wiki moja.

Niseme pia kuhusu mise, kwa sababu naona inadharauliwa. Chukua tunda la mchikichi wetu wa asili, ule wanaouita dura, ulikate katikati. Nyama ya rangi ya chungwa ni utepe mwembamba, kisha fuvu nene jeusi, kisha kiini cheupe. Mawese yanatoka kwenye ule utepe. Kiini kinatoa mafuta mengine kabisa, ya kutengenezea sabuni na vipodozi, na mashudu yake ni chakula cha mifugo. Kazi ya kupasua fuvu hilo wanaifanya akina mama kwa jiwe, kokwa moja moja, na malipo yake hayafai kuandikwa hapa. Mashine ya kupasulia mise inatengenezeka katika karakana za humu nchini. SIDO, shirika la viwanda vidogo, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1973 kwa ajili ya kazi za namna hii. Na yale mafuvu, badala ya kutupwa, ndiyo kuni za kuchemshia. Wenzetu wa Asia wanawasha matanuru yao kwa mafuvu na makapi ya mchikichi wenyewe, wakati sisi tunakata miti ya milima inayolizunguka ziwa.

Mtaniambia suluhisho ni mbegu mpya, na nakubaliana nanyi kwa sehemu kubwa. Tangu Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alipokuja hapa mwaka 2018 kuzindua kampeni ya kufufua zao hili, kituo cha utafiti cha TARI Kihinga, Gereza la Kwitanga na JKT Bulombora wamezalisha miche ya tenera, aina yenye nyama nene na fuvu jembamba. Kazi hiyo naiheshimu. Ila kuna historia ambayo inafaa baraza liijue. Siri ya tenera, kwamba inapatikana kwa kuchanganya dura na aina nyingine iitwayo pisifera, ilifafanuliwa mwaka 1941 katika kituo cha utafiti cha Yangambi, Kongo, ng'ambo ya ziwa letu na mbele zaidi. Mchikichi ni mti wa Afrika, na ujuzi wa kuuboresha ulipatikana Afrika. Hata mdudu anayechavusha maua yake alichukuliwa Kameruni akapelekwa Malaysia mwaka 1981, na mashamba yaliyokuwa yanachavushwa kwa mikono ya vibarua yakaachana na gharama hiyo. Mti, mbegu na mdudu vyote vilitoka huku. Wao waliongeza utaratibu wa kiwandani na njia ya kufika sokoni. Miche ya tenera ikianza kuzaa kwa wingi huku pipa likiwa ni lile lile moja, foleni itakuwa ndefu zaidi na mafuta yatachacha zaidi. Mbegu bora itaongeza mikungu inayoozea chini ya mti.

Sasa nirudi kwenye reli, kwa sababu mji huu umeshafundishwa na reli mara moja. Richard Burton alipofika Ujiji Februari 1858 alikuta mawese yakitengenezwa na kuuzwa, akayaandika. Ujiji ndiyo ilikuwa mji, misafara ya kutoka Bagamoyo na Tabora ilikuwa inaishia pale. Kisha mwaka 1914 reli ya Wajerumani ikafika ziwani, lakini ikaishia Kigoma, kwenye maji yenye kina. Ni kilomita chache tu kutoka Ujiji. Kilomita hizo zilitosha. Biashara ikahama, na wazee wa Ujiji hawakuhitaji mtu wa kuwaeleza kilichotokea. Reli ile ile ilileta meli nzima ikiwa vipande ndani ya masanduku kutoka Papenburg, Ujerumani, ikaunganishwa hapa hapa Kigoma na kuingizwa majini mwaka 1915. Ndiyo MV Liemba tunayoijua. Njia inayoweza kuleta meli kwenye masanduku italeta chochote.

Na wapo walioelewa mapema kwamba njia bila vituo vya mwisho haina faida kwa mwenye mzigo. Mwaka 1921 Wabelgiji, waliokuwa wakitawala Kongo na Ruanda-Urundi, waliingia mkataba na Waingereza wakapewa maeneo yao wenyewe bandarini Kigoma na Dar es Salaam, ndipo likatoka jina la Belbase. Hawakuomba reli, ilikuwepo. Waliomba mahali pa kuweka mzigo wao, kuupanga na kuupakia bila kumsubiri mtu. Madiwani wangu, hicho ndicho ninachowaombea wakamuaji, upande huu wa Kigoma.

Kwa nini mahali pa kuhifadhi ni muhimu hivyo? Mnunuzi wa mbali hanunui mafuta peke yake. Ananunua uhakika kwamba mwezi ujao yatakuwepo tena, ya ubora ule ule, kwa kiasi alichoagiza. Msimu ukiwa mzuri tunauza kwa bei ya kutupa kwa sababu hatuna pa kuweka, msimu ukiisha mnunuzi anatupigia simu hatuna cha kumpa. Niliwahi kupakia mzigo wangu kwa msafirishaji mmoja, ukalala njiani kwenye stoo ya watu, na ulipofika mnunuzi akaukataa. Madumu mengine yalikuwa yamevuja, na sikuwa na karatasi yoyote ya kuthibitisha ubora wa yaliyobaki. Alininunulia kwa bei aliyoitaka yeye. Sikuwa na la kusema. Yatazameni hayo madumu ya njano siku mkipita: mengi yalikuja hapa yakiwa na mafuta ya kiwandani ya watu wengine, yana nembo zao, na sisi tunayaosha na kuyajaza mawese yetu. Bidhaa ya Kigoma inasafiri ikiwa imevaa jina la mtu.

Aprili 28, 2022, Indonesia ilizuia kusafirisha mawese nje ya nchi, zuio likaondolewa Mei 23. Hazikufika hata wiki nne. Indonesia na Malaysia kwa pamoja huzalisha sehemu kubwa sana ya mawese yote duniani, na bei ya mafuta ya kula mwaka ule kila mama anayekaanga maandazi Tanzania anaikumbuka. Uamuzi wa Jakarta ulifika kwenye karai la Gungu. Wakati huo huo sisi tulikuwa na mikungu chini ya miti. Kungekuwa na matangi yaliyojaa na cheti cha ubora mkononi, mwaka ule ungekuwa wetu. Misukosuko ya namna hiyo itarudi, kwa vita, ukame au uamuzi wa serikali ya mbali, na anayefaidika siku hiyo ni mwenye akiba iliyopimwa.

Kuhusu ushuru, nafahamu kwamba si mamlaka yenu. Mwaka 2018 serikali iliweka ushuru wa asilimia 25 kwa mafuta ghafi ya mawese kutoka nje na asilimia 35 kwa yaliyosafishwa. Nashukuru. Lakini ushuru ni kinga ya bajeti moja, unaweza kupunguzwa Juni yoyote mafuta yakiadimika. Tusijenge maisha juu yake.

Wala siamini kwamba lazima tushindane na mafuta meupe kwa bei peke yake. Mawese mekundu ya Kigoma yana watu wake. Kuna Waha na Wamanyema waliotapakaa Dar es Salaam, Mwanza na Tabora ambao mchuzi wa migebuka bila mawese kwao haujakamilika. Wapo wateja wa Bujumbura, Uvira na Kalemie. Kongo iliingia rasmi Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, kwa hiyo ng'ambo ya ziwa sasa ni ndani ya soko letu. Rangi ile nyekundu ni dalili ya viini vya vitamini A ambavyo usafishaji wa kiwandani huviondoa. Ni bidhaa yenye hadhi, inayohitaji chupa safi, lebo, na alama ya Shirika la Viwango (TBS). Shirika hilo huwapa wajasiriamali wadogo nafuu kubwa ya kupata alama wakifika na barua ya SIDO. Kinachotukwamisha ni kwamba mkaguzi hawezi kuthibitisha mafuta yanayopikwa nyuma ya nyumba, kwenye pipa lililokuwa la lami. Akija kituoni atakuta sakafu inayooshwa, maji ya bomba na chujio. Hapo mkamuaji mmoja mmoja anaweza kuomba alama kwa jina lake.

Fedha. Mnajua kuliko mimi kwamba serikali ilisitisha mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri mwaka 2023, na ilipoirejesha 2024 Kigoma Ujiji ilikuwa miongoni mwa halmashauri 10 zilizochaguliwa kuitoa kupitia benki. Wakamuaji ni akina mama na vijana, walengwa hasa wa mikopo hiyo. Shida ni kwamba kikundi kikikopa peke yake kinanunua pipa jingine na kuni nyingine, kinaongeza idadi ya moto bila kuongeza ubora. Manispaa ikisimamia ardhi, jengo, maji na mzani kwa mapato yake, vikundi vikope kwa ajili ya mashine zitakazowekwa ndani, fedha ile ile itafanya kazi mara mbili. Kisingizio cha umeme nacho kimepungua: miaka ya kuishi kwa majenereta ya dizeli, umeme wa mgawo na mota zinazoungua, imeanza kutuacha tangu gridi ya Taifa ituguse.

Kwa wenzangu wakamuaji, ambao najua barua hii itasomwa kwao kwa sauti. Kituo kikija hakitakuwa na faida kama tutakipelekea mikungu iliyooza, au kama tutachanganya mafuta ya juzi na ya leo ili dumu lijae. Mtu mmoja akiharibu tangi la pamoja, wote tumeharibikiwa. Tunahitaji chama chenye ubao unaoonyesha zamu, na daftari ambalo yeyote anaweza kulifungua. Wavuvi wa ziwa hili walikubali kusimama miezi mitatu, Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, ziwa lilipofungwa, ingawa wenye vipe (vyombo vya uvuvi) na wachuuzi wa dagaa waliumia. Sisi tunaombwa kidogo kuliko hicho.

Waheshimiwa, eneo lichaguliwe sasa wakati ardhi ya Gungu bado ina bei inayosemeka. Shirika la Reli liulizwe rasmi, kwa barua, kama stesheni mpya itakuwa na njia ya pembeni ya kupakia mafuta kwenye matangi, na kama haimo kwenye michoro iombwe kabla zege halijamwagwa. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Mchoro wa kituo na makadirio yake viingie kwenye rasimu ya bajeti kupitia kamati yenu ya uchumi, na wakamuaji waitwe kwenye kikao hicho. Tutakuja na mikungu, mafuta na madaftari yetu kama yalivyo, ili mpime wenyewe kabla ya kupiga kura.

Wenu katika ujenzi wa mji,

Mkamuaji wa mawese,
Kata ya Gungu, Kigoma.